Kizimba cha Mkono wa Kulia

Prodromos Hatzoglu aliimba katika kanisa la Mtakatifu Modestos miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo alikosa Jumapili nne tu. Mbili alikuwa na homa, moja alikuwa anamzika mama yake, na ya nne ilikuwa Oktoba ile mwenzake wa nyumbani, Leonardos, alipopasuliwa moyo huko Athens. Mahali pake palikuwa kizimba cha mbao cha mkono wa kulia, anaposimama mwimbaji mkuu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo kwa mwanamume wa umbo lile, lakini iliwafikia hata akina mama waliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, wakisinzia.

Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Alipunguza suruali za mabaharia, alishona sare za bendi ya manispaa, na kwa kuwa hakuna mwingine kisiwani Siros aliyeijua vizuri kazi hiyo, alishona pia makanzu meusi ya makasisi. Alimjua kasisi wake, Baba Anargiros, kwa vipimo vya mwili: alijua mwaka ambao kiuno kiliongezeka, na mwaka ambao bega la kushoto lilianza kushuka.

Aliishi na Leonardos Rusos tangu mwaka themanini na tisa. Nyumba yao ilikuwa pale ngazi zinapouacha mji wa chini, wa Waorthodoksi, na kuanza kuupandia Mji wa Juu, wa Wakatoliki. Leonardos alizaliwa huko juu. Alikuwa mpishi wa meli kwa miaka ishirini na mitano, mingi kati ya hiyo katika meli za Waswidi, akija nyumbani kati ya safari, kisha akarudi kabisa na kifua kipana, mdomo usio na breki na mapishi ya samaki ambayo hakuna mtu Siros aliyewahi kuyaona. Watu walimwita mpangaji wa Prodromos. Nyumba ilikuwa ya Leonardos, aliyoirithi kwa shangazi yake, na kila mtu alilijua hilo. Lakini neno "mpangaji" lilikuwa limeshapata mahali pake, na lilimfaa kila mmoja, kwa hiyo hakuna aliyelisahihisha.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Jumapili mmoja alishuka kwenda kanisani kwake na mwingine akapanda kwenda kwake, wakakutana mezani saa saba, mara nyingi pamoja na Baba Anargiros na mkewe alipokuwa hai. Walikula dengu za tanuri, wakabishana kuhusu mpira, na kasisi akalala kidogo kwenye kochi. Mji ulijua. Mji haukuuliza.

Prodromos mwenyewe hakuwa mtu wa kuuliza. Mwaka tisini na moja, akiwa bado kijana, alikwenda kuungama kwa mtawa mmoja mzee katika kisiwa jirani, ili asimwambie kasisi wa nyumbani. Mtawa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia afunge siku arobaini na asimsimulie mtu mwingine yeyote. Prodromos alifunga. Na hakumsimulia mtu. Hilo la pili aliliendeleza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jumapili moja ya Februari, sheria ya kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja ilipokuwa inajadiliwa Athens, waraka wa Kanisa ulisomwa makanisani kote. Baba Anargiros aliusoma haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Ulisema kwamba ndoa ni fumbo takatifu kati ya mwanamume na mwanamke, kwamba Kanisa haliwezi kunyamaza, kwamba watoto wanahitaji baba na mama. Prodromos alisimama kizimbani, amekiegemea kitabu. Aliyajua mafundisho hayo, na kusema kweli aliyaamini. Kama mtu angemuuliza ndoa ni nini, angetoa jibu lilelile la waraka. Kilichomchoma ni kwamba, waraka ulipokuwa unasomwa, vichwa vitatu vinne katika safu za mbele viligeuka, vikamtazama, vikarudi haraka mbele.

Waraka ulipokwisha ilikuwa zamu yake. Alianza chini mno, akalazimika kupanda katikati ya neno. Bi Theopisti, mjane aliyekuwa anauza mishumaa mlangoni, alimwambia baadaye wakati anakusanya mabaki ya nta, "Leo umeanzia kisimani, mwanangu."

"Koo, Bi Theopisti."

"Koo, eti. Chai ya mlimani na asali. Na usisome magazeti."

Nyumbani Leonardos alikuwa anamenya viazi, miguu juu ya stuli kama daktari alivyomwamuru.

"Wameusoma?"

"Wameusoma."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaimba."

Leonardos aliendelea kumenya. Sheria ilipopitishwa wiki mbili baadaye, hakusema kitu kwa siku nzima, na mtu aliyemjua angeona kwamba hiyo ilikuwa dalili mbaya. Siku iliyofuata, wakiwa mezani, alisema kama anayeomba chumvi:

"Tuoane."

Prodromos alicheka. Leonardos hakucheka.

"Leonardo," alisema, akilikata jina kama Wagiriki wanavyofanya wanapomwita mtu, "nina miaka sitini na tatu. Wewe una sitini na nane na bomba la plastiki moyoni. Watu watakufa kwa kicheko."

"Wacha wafe. Mwaka elfu mbili na kumi na tano nilikuomba ile karatasi ya kuishi pamoja, ukasema subiri. Nimesubiri. Unakumbuka Athens?"

Prodromos alikumbuka. Muuguzi alitoka mlangoni na ubao wa karatasi akauliza, "Wewe ni nani wake?" na yeye akajibu, "Jirani." Alijibu haraka, kwa mazoea, na kwa sababu ya jibu hilo alikaa siku nne chini kwenye kibanda cha kahawa, akingoja habari kutoka kwa mpwa wa Leonardos, kijana wa Pireas ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka kumi na mmoja. Mpwa ndiye aliyetia saini, na mpwa ndiye aliyeingia. Siku ya tatu alitokea ngazini akasema, "Mzee anauliza kama jirani yake yuko hapa," na hakuwa na ubaya wowote moyoni aliposema hivyo.

"Mimi sitaki kufa na jirani," Leonardos alisema.

Prodromos alisogeza sahani. Alisema kwamba huko kanisani watamtoa. Alisema kwamba yeye mwenyewe haamini kwamba ile ni ndoa, kwamba taji za harusi wanazovikwa maharusi kanisani ni za watu wengine, kwamba amekubali kuwa mwenye dhambi lakini mwenye dhambi wa kimyakimya, na Mungu anajua. Leonardos alimsikiliza.

"Kule Gothenburg, Uswidi," alisema, "niliwaona wanawake wawili wakifungishwa ndoa kanisani, na kinanda, na padri mwenyewe mwanamke. Nilikwenda na nahodha, mmoja alikuwa binti yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nililia, bwana wee, na nilikuwa nimevaa sare."

Halikuisha siku hiyo. Liliendelea hadi Machi, kwa nusu sentensi na kwa milango iliyofungwa kwa nguvu kidogo. Kisha asubuhi moja Prodromos alikuwa amepiga magoti chumba cha cherehani, anapanga upindo wa kanzu mpya ya Pasaka ya Baba Anargiros, na mdomo umejaa pini. Leonardos alisimama mlangoni kwa muda, amejishika kifua kama alivyozoea tangu upasuaji.

"Haya," alisema Prodromos kupitia zile pini.

"Haya nini?"

Alizitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Haya, twende manispaa. Kabla sijabadili mawazo."

Tangazo la ndoa lilibandikwa ubaoni, majina mawili kamili na majina ya baba zao, kati ya tangazo la kukatwa kwa maji na la zabuni ya takataka. Karani, mwanamke mwenye haya, aliwauliza kwa sauti ya chini kama wangependa libandikwe pembeni kidogo. Leonardos alimjibu kwamba katikati panafaa. Hadi saa sita mchana hapakuwa na mtu mji wa chini ambaye hakuwa amelisoma au kusomewa.

Siros hakuna kitu cha kawaida kama Mkatoliki kuoana na Mworthodoksi, kila ukoo una ndoa za namna hiyo, na swali la kwanza siku zote huwa lilelile. Basi Prodromos alipoingia kwenye mkahawa wa bandarini kununua sigara za Leonardos, alizokuwa amekatazwa, mvuvi mmoja alipaza sauti kutoka meza ya karata:

"Ndoa mseto hiyo, Prodrome! Watoto mtawabatiza wapi, chini au juu?"

Meza nzima ilicheka. Mwingine akaongeza, "Na shela nani atashona? Fundi mwenyewe ndiye bibi harusi!"

Watu hao aliwashonea suruali tangu walipokuwa bado na viuno badala ya vitambi. Alilipa, akatoka, akafika kona ya pili ndipo akatambua kwamba amesahau sigara kaunta. Hakurudi.

Tarehe ishirini na tano Machi, sikukuu ya Bikira kupashwa habari, ni siku ya kula chewa wa chumvi aliyekaangwa, na kitunguu saumu kilichopondwa. Baba Anargiros hakuwa amewahi kuikosa meza yao siku hiyo. Leonardos alikaanga samaki wa watu watatu. Walingoja hadi chewa akalainika kwa mafuta, kisha wakala wawili. Saa tisa mlango uligongwa.

Kasisi alibaki amesimama. Alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu za kijivu, na katika chumba kile kidogo, akiwa amesimama wakati wengine wameketi, alionekana kama kabati lililosahauliwa njiani.

"Nimekuja kuchukua kanzu," alisema.

"Iko tayari, Baba," Prodromos alisema. "Kaa kwanza. Chewa yupo."

"Nimekula."

"Wapi umekula wewe, leo?" Leonardos aliuliza. "Nani mwingine kisiwa hiki anakupikia?"

"Leonardo, tafadhali." Kasisi alimgeukia Prodromos. "Kalitoe lile tangazo."

"Siwezi, Baba."

"Unaweza. Unakwenda kwa karani, unasema umeghairi, basi. Pasaka ni baada ya wiki sita. Nakuhitaji Ijumaa Kuu. Yule mwimbaji wa kizimba cha kushoto hajui nusu ya maombolezo."

"Mimi sikuomba taji, Baba. Sikuomba kuingia kanisani kwa jambo hili. Naenda manispaa, kama mtu anayekwenda kulipia kodi."

"Manispaa imebandika ubaoni na jina lako, na askofu ana watu wanaojua kusoma." Baba Anargiros alipangusa paji la uso. "Prodrome, nisikilize. Nimekula mezani kwenu miaka ishirini. Nimelala kwenye hilo kochi. Niliwahi kuuliza nyumba hii ina vitanda vingapi?"

"Hapana, Baba."

"Niliwahi kukunyima kikombe cha Komunyo?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unanifanyia hivi? Kwa nini unaniletea karatasi? Bila karatasi nilikuwa najua namna ya kuwapenda."

Hilo lilimpata Prodromos mahali ambapo hakuwa amejikinga, kwa sababu kasisi alilisema kwa uchungu wa kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. Ni Leonardos aliyejibu, polepole, bila mzaha hata kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Baba, ulitupenda, sikatai. Lakini bei tuliilipa sisi. Wewe hukuuliza, na sisi tukawa hatuna la kujibu. Mimi ni mpangaji katika nyumba yangu mwenyewe. Nimechoka."

Kasisi akamwambia Prodromos kile alichotumwa kusema: kwamba kuanzia Jumapili ijayo asipande kizimbani, na asije kupokea Komunyo, hadi jambo hilo litakapotatuliwa. Neno "litakapotatuliwa" alilisema akitazama sakafu. Prodromos alikwenda chumba cha cherehani, akaleta kanzu ikiwa imekunjwa katika karatasi ya nailoni. Kasisi aliiweka kwapani. Mlangoni alisema, "Chewa ananukia vizuri," akaondoka.

Upande wa juu haukuwa mwepesi kama Leonardos alivyotarajia. Padri Rokos, paroko wa Kikatoliki na binamu yake wa mbali, alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yenye ukungu, na mikono iliyotetemeka. Walimkuta Aprili ameketi kwenye ngazi za kanisa, anaota jua na paka wake.

"Kutoka Roma wameruhusu," alisema Padri Rokos, "kwamba naweza kuwabariki. Nyinyi wawili kama watu wawili. Siyo muungano wenu, mnaelewa? Watu. Bila kanzu ya ibada, bila kitabu, na siyo siku ile ya manispaa. Dakika moja hivi. Hata hapa hapa ngazini."

"Dakika moja?" Leonardos alisema.

"Pungufu kidogo ya dakika, wamesema iwe fupi."

"Binamu. Januari, siku ya Mtakatifu Antonio, ulimbariki punda wa Zorzis. Nilikuwepo. Ulivaa kanzu, ulikuwa na maji ya baraka, na ulisoma ukurasa mzima."

"Punda haombi kuandikwa ubaoni, Leonardo."

"Punda huyo aliwauma watu wawili!"

Padri Rokos alicheka hadi akakohoa, kisha uso wake ukabadilika. "Dada yako Marketa alikuja kwangu," alisema. "Anasema nikiwabariki, hata kwa sekunde tano, atahamia parokia nyingine. Na nusu ya mji iko upande wake. Mimi mzee, nisaidieni. Nawapa nilichonacho. Mkikikataa, sitawalaumu."

Leonardos alitaka kukataa. Alikwisha kugeuka aondoke. Prodromos, ambaye Kanisa lake lilikuwa halina hata hizo sekunde tano za kumpa, ndiye aliyeinamisha kichwa. Padri Rokos aliweka mkono unaotetemeka juu ya kichwa chake, kisha akampapasa Leonardos akampata, akanong'ona maneno machache ya Kilatini na machache ya Kigiriki. Paka hakuamka. Njia nzima ya kushuka Leonardos alilaani, akihesabu kwa vidole mambo yote yanayobarikiwa kwa muda mrefu zaidi: boti, mashine za kukamua zabibu, baiskeli za watoto.

"Nyamaza," Prodromos alimwambia hatimaye. "Ni zaidi ya nilichopata mimi."

Ijumaa Kuu jioni, jeneza la maua, mfano wa kaburi la Kristo, lilipotolewa kanisani na kuzungushwa mjini, Prodromos alisimama kandokando ya njia kama mtalii. Kwa mara ya kwanza tangu ujana aliyasikia maombolezo kutoka nje. Mwimbaji wa kushoto, sasa amesimama kulia, aliimba kwa bidii na aliruka beti mbili. Midomo ya Prodromos ilikuwa inatembea bila ruhusa yake. Sauti kidogo ilitoka. Mwanamke mmoja mbele yake, mteja wake wa siku nyingi, aligeuka, akamtambua, akamvuta mjukuu wake kwa bega akamsogeza upande wa pili. Baba Anargiros alipita karibu, amevaa mavazi ya dhahabu juu ya kanzu mpya. Alimwona. Macho yao yalikutana kwa hatua moja, na msafara ukaendelea.

Usiku wa Ufufuko Prodromos hakwenda. Alisema tumbo linamuuma. Leonardos alishusha mshumaa uliowashwa kutoka Mji wa Juu, akiukinga kwa kiganja ngazi zote zile, akipumua kwa shida, na Prodromos akamgombeza kwa kupanda ngazi na moyo ule.

Walioana Alhamisi moja mwishoni mwa Mei. Mashahidi walikuwa mabaharia wawili wastaafu waliosafiri na Leonardos. Mmoja wao, asiyeamini chochote, aliwaambia watu wote waliokuwa tayari kumsikiliza kwamba makasisi wa chini na wa juu wote wangefaa kupelekwa baharini miezi sita kusugua staha. Prodromos alikuwa amemwomba Bi Theopisti awe shahidi, na Bi Theopisti alikuwa amemshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi nauza mishumaa pale mlangoni. Ndiyo nyumba yangu ya pili. Nikisaini, kesho nitakaa wapi?"

"Naelewa, Bi Theopisti."

"Usielewe haraka hivyo, unanitia aibu."

Meya alisoma vifungu vya sheria. Prodromos alijibu "Ndiyo" kwa sauti ndogo hata karani akamwomba arudie. Alipotia saini, mkono ule uliopitisha uzi kwenye tundu la sindano maisha yake yote ulikosea herufi ya jina lake mwenyewe. Hakuhisi furaha, angalau siyo ile aliyoiona kwa wengine. Alihisi kama mtu aliyeweka chini mzigo na bado mabega yanamuuma palepale. Leonardos, kwa upande wake, alilia waziwazi, na safari hii hakutafuta gari la kujifichia.

Walipotoka nje uwanjani, Bi Theopisti alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mtende na mfuko wa lozi zenye sukari, zile za harusi, zimefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Nilikuwa napita," alisema, akamsukumia Prodromos mfuko kifuani, akaenda zake kwa hatua za haraka.

Marketa hakuja. Alituma tarabizuni nyeupe ya kutandika mezani kwa mkono wa jirani, bila kadi. Leonardos aliikunjua, akaikunja tena, akaiweka kabatini, na hawajaitandika hadi leo.

Kazi ilipungua. Makasisi walianza kuagiza makanzu Athens, na hata baadhi ya suruali za wavuvi zilipotea. Bendi ya manispaa ilibaki. Jumapili Prodromos alijaribu kwanza kupanda na Leonardos Mji wa Juu, lakini kinanda kilimkera masikio, na hakujua mikono aiweke wapi. Leonardos alikuwa anapokea Komunyo kama zamani. Padri Rokos, alieleza, haoni vizuri nani amejipanga mstarini. Prodromos alirudi Mtakatifu Modestos, akawa anaketi nyuma kabisa pamoja na akina mama, karibu na mishumaa ya Bi Theopisti, na kuondoka kabla watu hawajaitwa mbele.

Bi Theopisti alifariki Novemba, kwa mapafu, ndani ya wiki moja. Kesho yake asubuhi Baba Anargiros aligonga mlango. Hakuwa amegonga mlango ule tangu Machi.

"Aliacha neno," alisema. "Binti yake ameniletea. Anataka wewe umwimbie. Ameandika, 'Prodromos, na wala si yule mwingine.'"

Prodromos alikuwa na sindano mkononi.

"Kanisani sitaweza," kasisi alisema. "Askofu mwenyewe anakuja, marehemu alikuwa shangazi wa mtu wake mmoja. Lakini makaburini, akishaondoka... ile sala fupi ya kaburini. Pale hakuna kizimba. Pale mtu yeyote anaweza kufungua mdomo."

"Kando ya shimo naruhusiwa," Prodromos alisema.

"Ndiyo nilichonacho, Prodrome."

Alikuwa amekwisha kusikia maneno hayo mahali pengine, mwaka uleule, kutoka kwa mzee aliyekuwa na paka. Leonardos aliita kutoka jikoni kwamba akatae, kwamba wasimfanye ombaomba. Prodromos alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akaenda kutafuta tai nyeusi.

Alimwimbia Bi Theopisti kwenye upepo, mbele ya watu ishirini hivi. Sauti ilikuwa na kutu ya miezi minane, na kwenye "Kumbukumbu ya milele" ilikatika kabisa, akalazimika kuanza upya. Watu wawili waliondoka alipoanza. Wengine walibaki. Binti wa marehemu alimshukuru kwa kumpa mkono, na akatazama huku na huku wakati anampa.

Watu walipokwisha kutawanyika, kasisi na fundi walitembea pamoja hadi lango la makaburi, ambapo Leonardos alikuwa anangoja kwenye gari, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo.

"Watamwambia askofu," Prodromos alisema.

"Wameshamwambia, nadhani. Ataniandikia." Baba Anargiros alisimama. "Niambie kitu kimoja, na usinijibu kama unavyomjibu kasisi. Unajuta?"

Prodromos alifikiri, maana swali lilikuwa la haki.

"Siku nyingine zote sijuti, Baba. Jumapili, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, najuta."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Saa hizo huwa hanisemeshi."

Kasisi alitikisa kichwa. Alimwinulia mkono Leonardos kule garini, Leonardos naye akainua wake nyuma ya kioo, na Baba Anargiros akashuka kwa miguu kuelekea mjini, akiishikilia kofia yake isipeperuke.